Kama Jana

Baba yangu hakuwa mtu wa simu. Ukimpigia atapokea, atajibu salamu zote, atauliza mvua ya Mbeya imenyeshaje, kisha ghafla: "Haya mama, tusimalize vocha." Anakata. Vocha yenyewe yangu! Mama yangu alipofariki, baba akakataa katakata kurudi Iringa kwa shangazi. Akabaki peke yake kwenye nyumba ya banio nje ya Rujewa, pale mto unapozuiwa ili maji yaingie kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga. Basi mimi nilikuwa na njia moja tu ya kujua kila siku kwamba ameamka mzima, nayo ni mstari wake kwenye kanzidata.

Nafanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi ya mradi wa maji, Mbeya mjini. Kazi hii nikiieleza kwa watu wanapiga miayo, ila nivumilieni, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilipiga kelele ofisini mpaka mlinzi akaacha geti. Kila banio lina nguzo iliyochorwa namba, imesimama ndani ya maji. Asubuhi msoma nguzo anatazama maji yamefika wapi, anatuma meseji, na kompyuta yetu inaiweka ile namba kwenye jedwali. Kila banio lina mstari mmoja: jina lake, kina cha maji, na saa ambayo mstari uliguswa mara ya mwisho. Namba mpya ikija, ya zamani inaondoka. Baba, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekuwa msoma nguzo wa banio lake.

Yeye aliamini meseji zinaingia moja kwa moja mkononi mwangu. Nilijaribu kumweleza habari za mitambo, za jedwali, za mfumo unaosoma wenyewe bila mtu. Akanisikiliza kwa adabu. "Sawa, lakini mwisho wa yote si wewe unayesoma?" Nikasema ndiyo baba, mwisho ni mimi. Nilimwacha na imani yake kwa sababu ilimfurahisha.

Kusema kweli mimi namba nilikuwa siitazami. Nilikuwa natazama saa. Nikifika ofisini, kabla ya chai, nafungua jedwali: saa kumi na mbili na ushei, banio la baba limeguswa. Haya, yupo. Nakunywa chai yangu.

Kiangazi maji ya bonde la Usangu, huko Rujewa, hayana habari. Yanaweza kukaa namba moja wiki nzima, na wasoma nguzo, binadamu hao, wakachoka kuandika kitu kilekile. Wakaanza kutuma "kama jana". Ofisi ikawaonea huruma, tukaufundisha mfumo kwamba mtu akiandika kama jana, maana yake rudia namba iliyopo. Baba alichukia sana. "Kama jana ni jibu la mtu ambaye hajatoka kitandani," aliniambia. "Ukienda mtoni unaona namba. Ukiona namba, andika namba." Akawa anatuma sabini na mbili, sabini na mbili, sabini na mbili, kama anasahihisha madaftari.

Sasa kanzidata zina tabia, kama watu. Iko aina ambayo ukiipelekea namba ileile iliyo nayo, inatazama, inakwambia mstari nimeuona, sijabadili kitu. Ya kwetu si hivyo. Ukiiambia weka sabini na mbili mahali penye sabini na mbili, inatii: inaandika mstari mwingine mzimamzima, pacha wa ule wa kwanza, na ule wa kwanza inauhesabu umekufa. Mistari mfu, ndivyo tunavyoiita kazini. Inalala humohumo diskini mpaka mfagiaji, yaani programu ya usafi, apite. Na kila mstari ukiandikwa, hata kama hakuna kilichobadilika, taarifa inaruka kwenda kwenye simu za viongozi wa wakulima. Basi kiangazi kizima tunawaamsha wazee wa watu alfajiri kuwaambia hakuna jipya. Wakaja juu. "Dada, mnatuamsha kutuambia maji ni yaleyale?"

Mkubwa wetu wa mifumo, anayekaa Iringa, akalitengeneza kwa sentensi moja tu: andika ikiwa tu namba mpya ni tofauti na ya zamani. Kompyuta ikapumua. Simu za viongozi zikanyamaza. Watu wakampongeza, na mimi nikampongeza, maana ndivyo hata mafundi wazuri wanavyofanya. Ila nikamuuliza, na ile saa?

"Saa ni ya mabadiliko," akasema. "Kama hakuna mabadiliko, saa ya nini?"

"Tutajuaje maji yaliyotulia na msoma nguzo aliyenyamaza? Kwenye jedwali si watafanana?"

Akacheka. "Dada, unataka kanzidata ikulelee wazee?" Akaahidi kuongeza safu nyingine, ya mara ya mwisho kusikika, wiki ijayo. Wiki ijayo ya ofisini mnaijua.

Kuanzia hapo saa ya baba ikasimama. Nilijua sababu yake, nilijua mpaka sentensi iliyoisimamisha, na bado kila asubuhi nilikuwa naitazama mara mbilimbili. Nikampigia. Akapokea: "Nipo mama, maji yapo, tusimalize vocha." Siku zikaenda. Nikapiga tena, simu haipatikani, na hilo si ajabu, mtandao wa kule unapatikana ukisimama juu ya tuta la mfereji tu. Nikapiga tena, akapokea mama jirani, mke wa mfugaji, wale waliohamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Ndiye aliyekuwa akimletea baba maziwa.

"Mzee yuko shambani," akasema.

"Anaendeleaje?"

"Salama tu."

Nikapiga siku nyingine. Shambani. Salama tu. Shamba gani hilo la kiangazi, na mpunga ulishavunwa? Nikatazama ukurasa wa mabanio: kijani, juu mpaka chini. Kijani kwetu maana yake hakuna tatizo. Nilianza kuichukia ile rangi. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kama mtoto aliyeachwa ndani na taa imezimika.

Ndipo nikaenda kuchimba kwenye kapu, pale meseji zinapotupwa jinsi zilivyo kabla mfumo haujazisoma. Hakuna anayefunguaga kapu. Nikachambua za namba ya simu ya baba, na Mungu wangu, zilikuwepo! Kila asubuhi moja, hakuna iliyokosekana. Nikacheka peke yangu kwa furaha. Kisha nikazisoma. Sabini na mbili. Sabini na mbili. Sabini na mbili. Kama jana. Kama jana. Kama jana.

Nikampigia mkubwa Iringa, nikawa napayuka.

"Si anatuma?" akasema. "Tatizo ni nini?"

"Huyo si baba!"

"Namba ni yake."

"Baba haandiki kama jana! Hata umpige!"

Kwa mfumo zote zilikuwa kitu kimoja. Sabini na mbili haibadilishi sabini na mbili, kama jana haibadilishi sabini na mbili, zote zinatupwa. Hapo ndipo mlinzi alipoingia kuuliza kuna nini, na mimi nilikuwa tayari nimeshika mkoba.

Nilishuka basi Igawa, nikachukua bodaboda, nikapita Rujewa bila kusimama hata kununua maji. Njia ya kwenda nyumbani kwa baba inapita juu ya banio lenyewe, kwa hiyo niliona nguzo kabla sijaona nyumba. Ilikuwa imesimama kwenye tope lililopasuka. Ile alama ya sabini na mbili ilikuwa juu kabisa, kavu, na ndege wameichafua. Maji yalikuwa yamebaki uzi upande wa pili. Ofisini bado palikuwa kijani. Nikaanza kukimbia.

Mama jirani alikuwa mlangoni na jagi la maziwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na safari." Akatazama chini. "Yuko ndani. Alinikataza."

"Alikukataza nini?"

"Kukwambia. Alisema mtoto akiwa mbali hapelekewi habari ya ugonjwa, anapelekewa ya kupona."

"Au ya msiba," nikasema. Na mimi nani wa kumlaumu? Kwetu ndivyo tunavyofanya. Hata mama alivyougua nilikuwa chuo, niliambiwa anaendelea vizuri mpaka siku niliyoitwa kuzika.

Baba alikuwa kitandani, mkono wa kulia umelala kama si wake, mdomo umevutwa upande. Alikuwa msafi, amelishwa, amefunikwa vizuri, Mungu ambariki yule mama. Hospitali alikataa kupelekwa, akidai ni ganzi ya baridi, itaisha. Mama jirani asingeweza kumwacha peke yake ili yeye aende mtoni kusoma nguzo, basi baba, kwa ule mdomo, akamwelekeza la kuandika kila asubuhi, naye akawa anapanda tuta hapo nyuma ya nyumba kutuma.

Mbeya hospitalini, mimi na mama jirani tulipomfikisha, daktari akauliza ilianza lini. Mama jirani alikuwa hakumbuki vizuri. Mimi nilikumbuka, maana ilikuwa ni ile asubuhi namba ilipogeuka kuwa maneno. Nikaitaja tarehe. Daktari akaandika, akasema mngemleta siku zilezile za mwanzo, mkono huu tungeupigania.

Nimewaza sana. Hata mfumo wa zamani usingenisaidia. Saa ingetembea kila asubuhi kwa kidole cha mama jirani, na mimi ningekunywa chai. Kwa hiyo simlaani mkubwa. Namlaani siku nyingine, nikichoka.

Sasa baba yuko Iringa, pale Ipogolo kwa shangazi. Mchana anakaa uani, anasikiliza malori yanavyopunguza mwendo kwenye barabara kuu. Maneno yanarudi polepole. Wikendi natoka Mbeya kwenda kumwogesha. Jumamosi moja nilikuwa namkata kucha za ule mkono uliolala, nikamtania: "Lakini baba, mwalimu mzima! Wewe na kama jana? Si ulisema ni jibu la mtu ambaye hajatoka kitandani?"

Akanitazama. Alikuwa anayatafuta maneno, moja moja.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa sijatoka kitandani."

Kucha ikanishinda kukata.

"Yule mama nilimkataza asikwambie. Mimi nikakwambia. Nilijua ukisoma tu, utajua." Akapumzika. "Kila asubuhi nilikuandikia. Nikawa nasikiliza pikipiki. Mbona ulikawia, mama?"

Ningeweza kumweleza. Ni kazi yangu, naijua yote, mpaka ile sentensi.

"Mtandao, baba," nikasema. "Kule kwenu mtandao unasumbua."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akanipa na mkono mwingine.