Sukari ya Kupeleka Kasrini

Niwaambie mwenyewe kabla binti yangu hajawaambia. Aliponialika likizo ya mashua kwenye mto mmoja wa Ufaransa, alisema tungetembelea kasri la bibi wa ukoo wa kifalme. Sasa mimi, mtoto wa Nyeri, niingie kwa mtu mikono mitupu? Nikanunua sukari na majani ya chai hapa Handsworth, Uingereza, ninakoishi, nikavificha chini ya kitanda mashuani.

Mlangoni pa kasri alisimama mama mmoja mwenye mvi. Nikampa mfuko kwa mikono miwili. "Ni kidogo tu. Hatukutaka kuja hivi hivi."

Binti yangu akafunika uso. "Mum, huyu anauza tiketi."

"Na mwenye nyumba?"

Akanionyesha picha ukutani. Bibi alikufa zamani. Vyumba vyote vile, na hakuna hata mtu mmoja wa kubandika chai.