Orval Yuko Shamba la Nani

"Usiniambie habari za matope, Cletis. Matope hayambebi mtu mzima yakaenda naye."

"Shemeji, hakuwa mtu mzima tena. Alikuwa majivu ndani ya debe la maziwa."

"Majivu ya mtu mzima."

Cletis Hoelscher alikuwa ameliinamia tangi la vidagaa wa chambo, akiopoa waliokufa kwa kijiko cha supu. Duka lilikuwa lake, na Orval aliyekuwa akigombaniwa alikuwa kaka yake. Idella, mke wa marehemu, alisimama katikati ya duka na gambuti zake, tope likimchuruzika sakafuni, wala hakuomba radhi.

"Labda debe limezama zaidi," Cletis alisema.

"Lizame wapi, na maji yenyewe hayapo? Nimetoka huko sasa hivi. Nimekwenda kwa miguu yangu mpaka kwenye kisima chetu, nikakaa juu ya jiwe nililokuwa nakalia nikimenya viazi wakati wewe bado unafutwa kamasi. Orval hayupo. Yule mwanamke amemchukua."

Yule mwanamke ni Vernelle, jirani yake Idella wa upande wa mashariki. Walikuwa majirani bondeni kabla Mto Chouteau haujazibwa, na bonde lilipogeuka ziwa wakabaki majirani vilevile, ila sasa mpaka wao ulikuwa chini ya maji na kambare wakiupita bila hodi.

Vuli hiyo watu wa bwawa walikuwa wameyafungua malango ili wayatengeneze. Ziwa likashuka, likashuka, mpaka mto ukabaki kwenye kitanda chake cha zamani, mwembamba, umejikunja kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mashamba yakatokea. Visima vikatokea, na ngazi za nyumba zisizo na nyumba, na nguzo za ua za ule mti wa manjano usiooza, zimesimama kwenye mistari yake kama vile mwenye shamba kaingia kunywa kahawa tu. Jumatatu malango yangefungwa na maji yangerudi. Orval alikuwa ameshushwa ziwani ndani ya debe, juu ya kisima chao, na Idella alitaka apatikane kabla ya hapo, akae kwenye shamba lake, maana na yeye alikusudia kushushwa papo hapo ubavuni mwake. Debe lake mwenyewe lilikuwa tayari stoo. Kwa sasa alikuwa akiweka sukari humo.

Huyo Idella alizaliwa bondeni, kwenye udongo mweusi ambao ukisahau fimbo umeichomeka asubuhi, jioni unaikuta imeota matawi na ndege ametaga. Msichana wa kupenda kucheka, hakuwa na shaka na mtu. Kilichomharibu ni kuwa sahihi mara moja. Wapimaji walipokuja na vijiti vyao vya bendera nyekundu, wakasema wanahesabu bata, bonde zima liliwakaribisha kwa kahawa na nyama ya nguruwe ya kukaushwa. Idella peke yake aliwauliza bata gani huyo anayehesabiwa kwa darubini yenye miguu mitatu, tena imeelekezwa chini. Wakamcheka. Baada ya miaka michache maji yalikuwa yanaingia jikoni kwake, na tangu siku ile hakumwamini tena mtu yeyote kwa jambo lolote. Alikuwa akipima mayai kwenye mwanga wa dirisha hata yakiwa ya kuku wake. Mchungaji akihubiri, yeye humfuatilia kwenye Biblia kwa kidole, asije akaongeza neno.

Walihamia mlimani. Ardhi ya huko ni mawe matupu. Kuku walinoa midomo yao mpaka ikabidi walishwe mmoja mmoja wasije wakachomana. Makaburi yakahamishwa, na kanisa la Wabaptisti likavutwa kupanda mlima juu ya magogo, mpiga kinanda ndani akiendelea na mazoezi, akafika juu na wimbo haujaisha. Lakini watu wa bonde hawakuacha mashamba yao. Kila ukoo ulivua juu ya shamba lake, juu ya malisho yake, juu ya banda lake la kuku. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Ila mtu kutupa ndoana juu ya zizi la mwenziwe ilikuwa sawa na kuingia jikoni kwake na kufunua vyungu. Na siku ya kupamba makaburi, mwezi wa tano, waliingia kwenye mashua na maua, kila mtu akayaacha yaelee juu ya shamba lao.

"Nilijua tangu yale maua," Idella alisema, akivuta kiti. "Unayakumbuka maua yake mekundu, yale makubwa kama vichwa vya kabichi? Kila mwaka nikifika kumwekea Orval yangu, nakuta ya Vernelle yanaelea papo hapo. Papo hapo, Cletis. Utosini kwa mume wangu."

"Labda upepo uliyasukuma."

"Upepo wa kila mwaka? Upepo wenye adabu kiasi hicho?"

"Yeye anasema wewe ndiye uliyekuwa unaingia kwake."

"Anasema. Mwaka jana ananipungia mkono kutoka kwenye mashua yake, ananiambia, 'Idella mpenzi, umekaa juu ya malisho yangu.' Mpenzi. Mtu akikuita mpenzi akiwa kwenye maji, shika mfuko wako."

Cletis alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akarudi kwenye vidagaa.

"Halafu kuna ile pai," Idella alisema.

"Shemeji, tusianze na pai."

"Nani alinunua pai yake ya forosadi kwenye mnada wa kanisa, ule ambao mnunuzi hula na mpishi? Orval. Akala naye mbele ya watu. Mwaka uliofuata akanunua ya kwangu, akanioa, lakini ya kwanza ilikuwa yake. Na kabla ya hapo aliwakamulia kina Vernelle ng'ombe wao msimu mzima, yeye na Vernelle wakikaa wawili kwenye banda la chemchemi wakipoza maziwa kwenye maji baridi. Maziwa gani hayo ya kupozwa mpaka jua linazama? Basi mwanamke kama huyo anaona ziwa limekauka, anaona debe limekaa peke yake, atafanya nini?"

"Ana miaka kama yako. Hawezi hata kuliinua."

"Kwa hiyo akaenda na toroli."

Cletis akainua kichwa.

"Nimeona," Idella alisema polepole, kama mtu anayeweka karata zake mezani. "Nilipomkosa Orval kisimani nikaenda mpaka kwenye ua. Upande wake kuna njia ya gurudumu moja, mbichi, ya leo asubuhi. Na nyayo. Anavyovuta kisigino cha kushoto, nani hamjui? Zinashuka mpaka kwenye lile banda lao la chemchemi, kilichobaki ni kuta tu. Zimefika, zimezunguka, zimerudi. Na kurudi, gurudumu limezama zaidi kuliko kwenda."

"Uliingia ukaangalia?"

"Niingie kwake bila kukaribishwa? Nilisimama kwenye nguzo."

Ua wenyewe ulikuwa nguzo tupu zisizo na waya, kwenye tope la ziwa lililokauka, na bado Idella hakuvuka. Cletis aliweka kijiko chini. Akaifuta mikono kwenye ovaroli yake.

"Shemeji, nyayo zilikuja upande wako? Zilivuka ua?"

Idella alifungua mdomo. "Sikuona za kuvuka."

"Basi amemchukuaje kisimani kwako?"

"Ndiyo ujanja wake huo."

"Ameruka? Yeye na toroli?"

"Usinichezee, Cletis. Wewe ulikuwepo tulipomshusha. Wewe ndiye uliyeshika makasia."

"Nilishika makasia. Wewe ndiye uliyekuwa unaelekeza. Nikumbushe ulielekeza vipi."

"Alivyonifundisha yeye mwenyewe, Mungu amrehemu, vile tulivyovua miaka yote. Unaisogeza mashua mpaka ncha ya mnara wa kanisa ikae juu ya ghala refu la kina Brandt, kama kofia kichwani. Unakwenda kwenye mstari huo mpaka ule mwerezi uliopigwa na radi uzibe pango la jabalini. Hapo chini yako ni kisima. Orval angekipata na macho yake yamefungwa."

Cletis aliangalia nje dirishani, kuelekea mlimani, akaangalia muda mrefu kuliko inavyotakiwa kwa mtu anayetazama kanisa analoliona kila siku. Idella, ambaye uso wa mtu mwenye siri aliujua kama unga ulioingiwa na wadudu, akasogeza kiti.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Masikio yamekuwa mekundu. Orval naye yalikuwa hivyo. Sema."

"Kaka alikufa kabla ya kimbunga, au baada?"

"Baada. Kimbunga kilikuja wakati wa mavuno, yeye akaondoka majira ya baridi ya mwaka ule ule. Kwani unataka nini na kimbunga?"

Cletis alikwenda kwenye meza alipokula chakula chake cha asubuhi, akasukuma sahani yenye mabaki ya mchuzi wa soseji. Akachukua kichupa cha chumvi.

"Hili ni kanisa," alisema. Akaweka kopo la kahawa mbele yake. "Hili ni ghala la kina Brandt." Akaopoa kidagaa mmoja aliyekufa, akamlaza mbali kidogo, upande wa pili wa kopo. "Na hii ni mashua yako."

"Umenifanya kidagaa."

"Kimbunga kiling'oa mnara wa kanisa kama karoti. Unakumbuka? Uliokotwa kwenye shamba la mahindi, wima, na kengele bado inalia. Sisi wanaume tukaurudisha. Mimi mwenyewe nilikuwa juu na misumari mdomoni. Lakini hatukuurudisha pale pale, shemeji. Wakati ule barabara mpya ilikuwa imeshapita upande wa huku, na mchungaji akataka watu wa magari wauone. Tukauweka mwisho wa pili wa paa."

Akakisogeza kichupa cha chumvi upande wa kulia. Kisha, ili kichupa, kopo na kidagaa vikae tena kwenye mstari mmoja, ikambidi amsogeze yule kidagaa kwenda kushoto. Akamsogeza kidogo, na kwa kuwa alikuwa mbali, akamsogeza tena, mpaka akapita ufa uliokuwa kwenye meza.

Idella aliutazama ule ufa. Alijua ni ua hata kabla hajaambiwa. Kila Jumapili alipita chini ya mnara ule, akiwa na macho yake makali kwenye kofia za watu na viatu vya watu, akimchunguza mchungaji na kikapu cha sadaka, na hakuwahi hata mara moja kuinua kichwa.

"Ndiyo maana kambare walihama," alisema, sauti ndogo.

"Hawakuhama. Ulihama wewe."

"Ndiyo maana ndoana zangu zilikuwa zinakwama."

"Kwenye banda lao la chemchemi. Bila shaka."

Idella alimshika kidagaa mkia, akamrudisha upande wa pili wa ufa, akamwangalia kama vile huenda akabaki.

"Kwa hiyo yale maua ya Vernelle," alisema.

"Alikuwa anaweka kwao. Yeye alama zake ni jabali na daraja. Havikuhama hivyo."

"Na Orval."

"Orval ulimshusha wewe, shemeji. Mwenyewe. Ulimwambia pumzika kwenu. Mimi nilikuwa nimevua kofia."

"Kwenye banda la chemchemi."

"Mlangoni pake, kwa hesabu yangu."

Idella na Orval walikuwa wamelala kitanda kimoja maisha yao yote, yeye akimlinda mumewe asije akaipita ile nguzo ya ua, na siku alipokufa ni yeye aliyempeleka kwa mashua, kwa heshima zote, mpaka mlangoni. Akaanza kucheka, kicheko kikamwishia puani. Halafu macho yake yakawa membamba tena. Cletis akajua shaka iliyovunjika imeungwa haraka.

"Wewe ulijua," Idella alisema. "Ulikuwa juu ya paa na misumari mdomoni."

"Sikufikiri. Naapa. Nilikuwa nalia siku ile, wala sikutazama mnara."

"Na Vernelle alijua."

"Angejuaje?"

"Tulimshusha mchana kweupe, Cletis. Dirisha lake linatazama ziwa lote. Aliona mashua ikisimama juu ya banda lao. Aliona debe likishuka. Akanyamaza. Miaka yote hii amenyamaza akiniita mpenzi, akimwekea maua mume wangu na wewe ukiniambia ni upepo."

"Alikwambia. Alikwambia umekaa juu ya malisho yake."

"Alisema malisho. Hakusema juu ya Orval."

Cletis alijikuna shingo.

"Sikiliza," Idella alisema, akainama juu ya meza, sauti ikashuka kama ya mtu anayepanga kuiba bata. "Hakuna atakayejua. Hutamwambia mkeo, hutamwambia mchungaji. Tunapanda pikapu yako, tunafika kwake, mimi nitamwambia nimekuja kuomba radhi kwa mambo ya ndoana. Nitamshika na maneno huko sebuleni. Wewe unapita nyuma, unatazama kwenye banda la kuku, maana mimi ningekuwa yeye ningemficha kwenye banda la kuku. Ukimpata unampakia. Jumamosi tunakwenda kwa miguu mpaka kisimani, tunamzika kwenye tope kwa koleo, kwetu, mahali ninapopajua kwa makalio yangu. Na yule mwizi, yule mpoza maziwa, abaki na..."

Kengele ya mlango ililia.

Vernelle alikuwa mlangoni, tope limempanda mpaka magotini, amevua glavu na kuziweka kwapani. Aliwatazama wote wawili, akatazama meza, chumvi na kopo na kidagaa aliyekufa kando ya ufa. Nyuma yake, nje penye jua, palikuwa na toroli. Ndani ya toroli, juu ya gunia lililokunjwa vizuri, palikuwa na debe la maziwa la Orval. Halikuwa na tope hata chembe. Lilikuwa limesuguliwa mpaka linang'aa, na kifuniko chake kimefungwa kwa kitambaa cha jikoni.