Koti la Sufi Darajani

Juzi, kwenye duka la mitumba Darajani, Unguja, bibi mmoja alichagua koti zito la sufi akalivaa papo hapo.

“Bi mkubwa, na joto hili?” muuzaji alicheka.

“Nilikuwa na mgahawa bara, kwenye mji wa machimbo milimani,” akajibu huku akifunga vifungo. “Alfajiri ukungu mtupu. Wachimbaji wananigongea mlango: mama, chai!”

“Na sasa?”

“Wanangu wamenirejesha Mbweni. Wananitunza, alhamdulillahi. Lakini hapana anayenigongea.”

Muuzaji akaacha kucheka. Bibi akaondoka na koti lake mwilini, jasho likimtiririka, mikono kaitia mifukoni.

Sisi wa Unguja huwaombea jamaa zetu walio bara warudi salama. Wakisharudi, hatuwaulizi wameacha nini.