Kuku Aliyekula Kiondo

Mama yangu husuka kiondo akitembea. Akienda kisimani anasuka, akirudi kutoka soko la Kiritiri anasuka, hata akigombana na jirani juu ya mbuzi vidole havisimami. Akifika nyumbani hukata ncha za mkonge zilizochomoza na kuziacha zianguke uani. Kwetu Mbeere hakuna aliyewahi kuona ubaya wowote hapo.

Kuku wangu wa madoadoa ndiye aliyeuona. Nilipewa na nyanya nilipomaliza darasa la nane. Masomo yalikuwa yameishia hapo, na nyanya alitaka mimi, mjukuu wake wa kike, nianze maisha na kitu chenye miguu. Kiangazi kimoja kuku huyo aliangua vifaranga wake wa kwanza, halafu akaacha kula. Akawa anasimama tu kando ya jikoni, macho ameyafumba nusu, vifaranga wakimpanda mgongoni bila yeye kujali. Juu mwewe alizunguka. Nilijua akifa mama yao, hao wadogo hawana siku nyingi.

Mama alimpa maji ya mshubiri na pilipili, maana kwetu kila kuku mgonjwa hupewa hayo. Akazidi kunyong'onyea.

"Tumchinje akiwa bado anapumua," akasema kaka yangu mkubwa. "Akijifia ni hasara."

"Ana watoto!"

"Hata yule mbuzi wa Krismasi alikuwa na watoto, na mfupa uliung'ang'ania wewe."

Nilimkumbatia kuku nimwondoe mbele ya macho ya kaka. Hapo mkono wangu ukagusa gole, ule mfuko wa chini ya shingo ambamo chakula hukaa kwanza. Lilikuwa gumu kama mpira wa makaratasi. Nikamfungua mdomo, na ndani kooni uzi wa mkonge ukanichungulia. Nikauvuta, haukuja.

Mama aliinama akatazama. "Haiya! Huyu amekula kiondo changu!"

Siku hizo nilikuwa najifunza kushona kwa fundi mmoja pale Kiritiri. Kusema kweli bado nilikuwa kwenye vifungo, lakini kichwani duka langu lilikuwa limeshafunguliwa, lina kioo kirefu na wateja kwenye benchi. Nikasema nitampasua, nitoe huo mkonge, nimshone.

"Wewe?" kaka akacheka. "Suruali yangu uliishona mguu mmoja ukaangalia Embu, mwingine Gachoka."

"Basi mshike vizuri, asije akaangalia Gachoka."

Mama alichemsha maji ya chumvi, akatumbukiza wembe mpya, sindano na uzi. Kaka akashika miguu na mabawa. Niling'oa manyoya kifuani, nikaomba kimoyomoyo, nikapasua. Mama ndiye aliyevuta mkonge, polepole, umesokotana na mahindi, unanuka uji uliochacha. "Pole, mama watoto," alikuwa akimwambia. "Pole sana. Ni mimi." Nikashona mfuko kwanza, halafu ngozi, mishono midogo kuliko yote niliyowahi kushona. Nilipoinua uso, kaka alikuwa amefumba macho, jasho linamtiririka.

Kuku tulimweka ndani ya katoni karibu na mafiga. Mama akachukua kile kiondo ambacho hakijaisha, akatia vifaranga humo, akakiweka kando yake wasikiane sauti. Mimi nilimnywesha uji mwepesi kwa kijiko. Kaka, bila kuambiwa na mtu, alikwenda kubomoa kichuguu akaleta mchwa kwenye mkebe. Alisema ni wa vifaranga, lakini nilimwona akimwekea na mama yao mdomoni.

Kwa siku kadhaa kuku hakutoa hata sauti. Kisha asubuhi moja nikiwa nawasha moto, nikamsikia: kruk, kruk, kruk. Alikuwa ameokota mchwa katika katoni na hakumla. Alimweka chini, akamwokota tena, akaita. Vifaranga walipanda ukingo wa kiondo wakaporomoka juu yake wote, naye akafungua mabawa.

Jioni hiyo, kabla ya ugali na kunde, mama aliomba. Alishukuru kwa chakula, akashukuru kwa kuku, akashukuru kwa mkono wa huyu msichana.

"Na aliyeshika miguu," kaka akanong'ona.

"Na aliyeshika miguu, Baba," mama akaendelea bila kufumbua macho, "ingawa hakuona lolote. Amina."