Theluji ya Anti Scola

Pudensiana hakuwa na wivu. Hilo alilisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwa kila aliyepita mbele ya nyumba yake pale Mpanda, tangu mwezi wa nane mpaka kuelekea Noeli ya mwaka tisini na saba. Wengine waliokuwa wamekwisha kupita aliwaita warudi ili awaambie vizuri. Kilichomkera, alisema, ni kelele tu. Kelele za watoto, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa parokia. Watoto wa heshima walipiga kelele asubuhi, wakiwa kwake.

Na kweli, kwa miaka mingi Jumamosi asubuhi ilikuwa mali yake. Hakuna aliyemwajiri. Alianza siku moja baada ya misa, watoto wadogo wakimtoa jasho katekista Sylvanus, naye akawagawia udongo ili wanyamaze. Wakanyamaza. Parokia ikaona muujiza mbele ya macho yake, ikamwachia ukumbi.

Tangu hapo kila msimu ulikuwa na kazi yake. Mvua zikinyesha ni kufinyanga, maana udongo wa bondeni unachimbika hata kwa vidole. Mahindi yakivunwa ni magari ya mabua, na miwani ya mabua kwa waliotaka kuwa madaktari. Kiangazi ni mbegu na manyoya ya kuku, yanabandikwa kwenye maboksi ya sabuni mpaka boksi linafanana na jogoo aliyefiwa. Kwaresima wanasuka misalaba ya ukindu. Desemba ndiyo yenyewe: pango la Noeli, la udongo mtupu, linasimamishwa kanisani na watu wanapanga mstari kulitazama. Kwa kuwa watoto wake wengi walikuwa wa Wasukuma waliohamia na mifugo pembezoni mwa mji, kila mmoja alifinyanga ng'ombe kwanza, mengine baadaye. Miaka yote mtoto Yesu wa Mpanda alizaliwa katikati ya kundi ambalo Yosefu, kwa useremala wake ule, asingeliweza hata kulichunga.

Wazazi walimpa yai, au kikombe cha karanga, au shikamoo. Ilimtosha. Hakujaaliwa mtoto. Mumewe alikwenda Kapalamsenga kuvua dagaa, dagaa wakampenda mno, hakurudi. Ukimwondolea zile Jumamosi, mwanamke huyu alibaki na shamba la karanga na kuku wachache wenye dharau.

Basi mwezi wa nane akashuka Scolastica.

Alishuka kwenye treni kutoka Tabora, mke wa karani mpya wa stesheni, na sanduku la bati lililobebwa na watu wawili. Ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi za manila za rangi zote, kalamu za rangi, mikasi midogo isiyokata vidole, na gundi nyeupe ya chupa ambayo, kwa maneno ya watoto, ilinukia kama peremende. Alikuwa amesomea mambo ya chekechea. Hakungoja mvua wala mavuno. Misimu yake alikuja nayo kwenye sanduku. Wiki hii ni Wiki ya Samaki, wiki ijayo ni Wiki ya Vipepeo, na vipepeo hao walitoka hata kama nje jua linaua nyasi. Aliomba ukumbi Jumamosi mchana, kwa adabu, akapewa.

Watoto walimwita Anti Scola. Hapo ndipo kidonda kilipoanzia. Pudensiana walimwita Bibi tangu hajafika arobaini, naye aliona ni heshima, mpaka alipolisikia hilo Anti likiitwa kwa sauti nyororo kupitia dirishani. Alilisikia mara nyingi. Miezi ile alikuwa akipita chini ya dirisha lile na ndoo kichwani, wakati kisima kiko upande mwingine kabisa. Alichota maji kuliko kambi ya jeshi, na bado nyumbani kwake mlikuwa na kiu.

Alichokiona kupitia dirisha lile alikipeleka nyumbani kukichambua. Kwanza, yule binti alicheka na watoto. Mwalimu gani anacheka? Pili, vipepeo wake walikuwa wazuri. Hili la pili alilimeza bila maji.

Na asubuhi zake zikaanza kupoa. Watoto walikuja, lakini walikaa kama wageni wa mazishini, mikono magotini. Mmoja alipoulizwa kwa nini hagusi udongo, alisema Anti amewaambia mchana waje na mikono misafi.

Kisha Padri Fabiani akatangaza. Padri Fabiani alikuwa Mfipa mnene, mpole, aliyeweza kumkemea shetani mchana kweupe ila si mwanamke wa parokia yake. Alisema kwaya inahitaji ukumbi, kwa hiyo kuanzia Januari Jumamosi ingebaki na kundi moja tu la watoto. Yeye asingechagua mtu, Mungu apishilie mbali. Jumamosi moja ya Majilio kila kundi lingepanga kazi zake ukumbini, na kazi nzuri zaidi ndiyo ingemchagulia. Kundi hilo lingejenga pango na kubaki na ukumbi. Alitangaza haya akiwa ameitazama dari.

Mvua za mwaka ule kila mtu anazikumbuka. Zilinyesha kama zimelipwa. Maji yakakatiza reli huko njiani, treni ikakwama, na pamoja nayo ikakwama chupa ya gundi ambayo karani wa stesheni alimwagizia mkewe. Ndiyo maana siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya maonyesho, Scolastica alibisha hodi kwa Pudensiana, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kwangu hakuna manila lakini kigoda kipo."

Scolastica akakaa. Alieleza kwamba kundi lake linatengeneza kijiji cha Noeli chenye theluji. Pamba ya theluji alipewa na Makoye, yule mfugaji wa njia ya Sibwesa, na nyumba za manila zimekwisha kukatwa, ila gundi imewaishia. Alisikia kwamba gundi ya mama Pudensiana inashika manyoya ya kuku mwaka mzima. Akaomba afundishwe.

Moyo wa Pudensiana ulipanda kama maziwa jikoni. Sanduku la bati limekuja kuomba! Alitamani Mpanda nzima iwe pale imeketi. Kwa dakika ile, tumsemee ukweli, alikuwa tayari kufundisha. Gundi yenyewe si siri: unachemsha majani ya mwarobaini, unachuja, na maji yale machungu ndiyo unayosongea uji mzito wa muhogo. Uchungu ule unafukuza sisimizi, unafukuza panya, na zaidi ya yote unafukuza ndimi za watoto. Kila mwanamke aliyekulia pale aliijua. Aliyetoka Tabora na chupa yake angeijulia wapi?

Alifungua mdomo aseme mwarobaini. Ndipo akaona mkono wa mgeni wake.

Kwenye kifundo cha mkono ule palikuwa na bangili ya karatasi, imesukwa nyekundu na njano, nyuzi tatu, ncha zimefichwa ndani. Msuko ule ulikuwa wake, Pudensiana, msuko wa ukindu wa Kwaresima. Alimfundisha mtoto mmoja tu kuficha ncha namna ile, Mariana, kabinti ka miaka mitano kalikokuwa kakikaa miguuni pake kila Jumamosi na kumsimulia habari za nyumbani kwao zisizotakiwa kusimuliwa.

"Bangili nzuri," alisema.

"Ya Mariana hii. Amenivalisha mwenyewe, amenikataza kuivua hata kulala."

 Pudensiana akaeleza uji wa muhogo vizuri sana, unga kiasi gani, moto kiasi gani, ukoroge kwenda upande mmoja. Kwenye mwarobaini alisema sukari.

"Sukari, mama?"

"Nyingi. Wewe umeona mkono ulioshika muwa ukiachia kitu?"

Akainuka, akachukua kopo lake la sukari, ambayo wiki zile za treni kukwama ilikuwa haionekani madukani, akammiminia nusu nzima kwenye karatasi. Yeye mwenyewe alikunywa chai bila sukari mpaka mwaka mpya. Wivu una gharama zake, na Pudensiana hakuwa mchoyo.

Ijumaa jioni makundi yote mawili yalipanga kazi zao ukumbini, na Jumamosi baada ya misa watu wakafurika. Upande wa kushoto ulijaa udongo: Maria, Yosefu, na ng'ombe wasio na idadi. Makoye, aliyekuja na kofia yake ya sherehe, alichuchumaa mbele ya dume moja, akalizunguka, akauliza mwenye mali ni nani. Alipoambiwa ni la mwanawe mwenyewe, alisema nundu imekaa vizuri lakini malisho hayakutosha.

Upande wa kulia ulifunikwa kwa shuka. Scolastica akalivuta. Watu wakaguna kwa uzuri wake: nyumba za rangi, kanisa lenye mnara, na juu ya kila paa, njiani, kwenye matawi, theluji nene. Pudensiana, aliyekuwa amesimama nyuma, alinyoosha shingo. Akatazama tena, akapumua.

Padri Fabiani aliinama, mikono nyuma. Aliinama zaidi.

"Hii theluji inatembea," alisema.

Ilikuwa inatembea kweli. Sisimizi walikuwa wamefika usiku na ukoo mzima. Walipanda kwenye paa la kanisa kwa mstari kama wanakwenda komunyo, wakashuka upande wa pili na vipande vya uji mdomoni. Hakuna hata mmoja mle ukumbini aliyewahi kuona theluji, na Makoye, kwa kutaka kusaidia, alisema pengine ndivyo ilivyo huko kwao, ina wadudu wake. Watu wakaanza kucheka. Na pale kicheko kilipokuwa kimenoga, mtoto akapiga yowe.

Ni Mariana. Alikuwa amejipenyeza mbele kuramba theluji. Utamu wake aliufahamu tangu jana. Mdomo ulikuwa umejaa pamba na pamba imejaa sisimizi. Walimng'ata ulimi, walimng'ata midomo. Scolastica alimdaka, akamfungua kinywa, akawa anawatoa mmoja mmoja kwa kidole.

Helena, mama wa makamo aliyekuwa kiongozi wa akina mama, alichovya kidole kwenye paa moja, akalamba, akashangaa.

"Mwanangu, gundi hii hukutia mwarobaini?"

"Mwarobaini?" Scolastica aliuliza, bila kuinua kichwa kutoka kwa mtoto. "Mama Pudensiana alinifundisha sukari. Tena alinipa ya kwake, Mungu ambariki."

 Wanawake waligeuka, mmoja baada ya mwingine, na vitambaa vyao vya kichwani vikamwelekea Pudensiana kama alizeti. Padri Fabiani, ambaye naye alilelewa na mama aliyepika gundi, alitazama dari. Mwisho kabisa akageuka Scolastica. Alimtazama kwa muda, akaelewa, akarudi kwenye ulimi wa mtoto. Kama angetukana, Pudensiana angekuwa na la kujibu.

Uamuzi ulitangazwa kesho yake: pango na ukumbi ni vya Scolastica, kwa kuwa watoto wake, alisema padri, wamepata majaribu.

Wiki iliyofuata Pudensiana hakutoka. Hakumlilia Scolastica, na kuhusu Mariana alijiambia sisimizi hawajawahi kuua mtu, akajiambia tena, na tena. Helena alipopita kumjulia hali, yaani kumtazama alivyo, alimpa habari: binti yule anapika uji wa muhogo mtupu sasa, mwarobaini amesikia jina tu, unavyotiwa hajui na anaogopa kumwuliza mtu, na theluji ya kanisani inadondoka na kuota ukungu. Watu wanasema gundi ya Pudensiana ndivyo ilivyo.

Gundi ya Pudensiana!

Mkesha wa Noeli, saa nne asubuhi, aliingia kanisani na sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Scolastica alikuwa amepiga magoti mbele ya pango, watoto wamemzunguka, bangili bado mkononi.

"Nimeleta gundi," Pudensiana alisema.

Scolastica aliifunua, akainusa.

"Onja wewe kwanza, mama."

Akaonja, kidole kizima. Uso ukamkunjika wenyewe, machozi yakamlenga, na watoto wakacheka sana. Scolastica hakucheka, lakini alisogea kidogo, pakapatikana nafasi ya goti moja.

Walifanya kazi bega kwa bega. Pudensiana alimchunguza pembeni akitafuta kosa: mkato uliopinda, kona iliyokunjika. Hakulipata, na asubuhi nzima iliharibika kwa sababu hiyo. Karibu na adhuhuri ndipo Scolastica alipozungumza, macho kwenye pamba.

"Januari watataka kufinyanga. Mimi udongo siujui. Ukitaka kuja, njoo. Ila kundi ni langu, utakuwa msaidizi."

Msaidizi. Pudensiana alilitafuna neno hilo, na lilikuwa chungu kushinda kilichokuwa sufuriani. Alitaka kusimama, achukue chombo chake aende zake. 

"Udongo wenu nitachimba mimi," alisema. "Wewe utachukua wa barabarani."

Mariana akaja na nyota ya manila ya kubandika juu ya paa. Alimpita Pudensiana kama anavyopita benchi, akaipeleka kwa Anti. Anti akamwambia mwenye gundi ni Bibi. Mtoto akageuka, akamtazama Bibi, akaminya midomo yake iliyokuwa haijapona vizuri, akainyoosha nyota kwa urefu wote wa mkono, yeye akibaki mbali.

Pudensiana akaipokea. Akaipaka gundi pembe moja moja, polepole, akarudia na zile alizokwisha kuzipaka, ili mtoto aendelee kusimama pale.