Niliuza Nguo za Mdogo Wangu Kabla ya Arobaini

Jamani, mimi ndiye mkosaji. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma katikati ya habari hii halafu ukajuta.

Sitaji jina langu. Naishi Utemini, hapa Singida mjini, na ninauza, au niseme nilikuwa nauza, mitumba ya akina mama. Sina fremu ya duka. Nilikuwa nafungua belo nyumbani, nafua, napiga pasi, navaa mwenyewe, napiga picha na kuweka status. Mtoko wa kazini, mtoko wa kanisani, mtoko wa kwenda kumsalimia mama mkwe. Wateja wangu walikuwa walimu, mafundi wa saluni, wake za watu ambao hawana hela ya dukani lakini wakipita wanataka shingo zigeuke.

Lakini ule ujuzi wa kupanga nguo haukuwa wangu. Ulikuwa wa mdogo wangu, marehemu.

Alikuwa mama lishe kule Itigi, karibu na stesheni. Chai, chapati, wali maharage, basi. Ila ungemwona! Alikuwa anaokota mnadani nguo ambayo mimi mwenyewe ningeiruka. Shati jeupe la kiume analifunga fundo kiunoni juu ya kitenge. Sketi nyeusi ya marinda anaivalia raba nyeupe na blauzi ya mia tano. Abiria wa treni walikuwa wanamwuliza anafanya kazi ofisi gani, na mikono yake imejaa unga!

Kulikuwa na gauni moja la kijani. Alipolinunua lilikuwa limekaa kama gunia. Akalibana kiunoni, akatia kola ya kitenge cha njano, na upande wa kulia akashona mfuko mkubwa wa kitenge hicho hicho. Humo mfukoni hazikosekani karanga za mwanawe. Binti yake, nimwite Tatu ingawa siyo jina lake, alikuwa akitoka shule anazamisha mkono mfukoni kwa mama yake kabla hata ya kumwamkia.

Nilimwonea wivu mdogo wangu? Ndiyo, nilimwonea. Nilikuwa naiga mitoko yake naweka status kama yangu, naye akiiona anacheka tu na kuniambia, "Dada, umesahau mkanda."

Akaugua wiki moja, akaondoka.

Tulimzika nyumbani, wilaya ya Ikungi. Baba yake Tatu alishapotea zamani, hatujui aliko, kwa hiyo baada ya mazishi wazee wakakaa kuamua mtoto aende wapi. Mimi nina miaka tisa kwenye ndoa na sijapata mtoto. Mama yangu akanitazama, akasema, "Tatu aende kwa mama yake mkubwa." Nililia siku ile kwa mambo mawili kwa pamoja, na moja lilikuwa furaha. Mungu anisamehe. Mume wangu hakusubiri, tuliporudi mjini siku ya tatu alimpelekea fundi seremala vipimo vya kitanda.

Sasa sikiliza kuhusu sanduku. Kwenye ukoo wetu nguo za marehemu hazigawanywi siku ya mazishi. Zinafungiwa mpaka arobaini, ndugu wanakusanyika, shangazi anafungua mbele ya wote, na mtoto wa marehemu ndiye anayechagua wa kwanza. Kwa kuwa mimi ndiye niliyetumwa Itigi kwenda kutoa vitu kwenye chumba cha kupanga, nikakabidhiwa sanduku nilitunze.

Shangazi alinishika mkono kabisa. "Usilifungue. Unanisikia? Hata panya akiingia humo, niite mimi."

"Ndiyo, shangazi."

Tatu akaja kwangu. Mtoto mpole, mwenye heshima, anaosha vyombo bila kutumwa. Alikuwa haongei sana juu ya mama yake. Kitu kimoja tu alikuwa anakiuliza, tena aliuliza zaidi ya mara moja: "Mama mkubwa, lile gauni la mfuko nitapewa mimi?"

"Utapewa wewe, mwanangu. Nani mwingine?"

Hilo nilimwahidi kwa mdomo wangu huu.

Wiki ya tatu nikafungua belo jipya, nikakuta balaa tupu. Masweta mazito, sketi zilizokatika mikanda, na koti la manyoya! Nani avae koti la manyoya Singida? Wateja wakaanza kuuliza kulikoni, siku ya nne sijaweka kitu. Mmoja akaniandikia kwamba siku hizi nimeishiwa.

Hilo neno lilinichoma. Nimeishiwa! Tatu alikuwa shule, mume wangu kazini. Nikalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, nikajiambia naangalia tu kama hakuna unyevu. Uongo! Nilijua ni uongo hata kabla sijagusa zipu.

Harufu yake ikanipiga usoni, mafuta ya nazi na moshi wa jiko. Nililia, kweli nililia. Halafu nikafuta machozi, nikaanza kupanga mitoko.

Nilianza na ile sketi ya marinda na shati jeupe. Simu haikutulia siku nzima. "Dada leo umeua!" "Nitunzie hiyo, nakuja!" Na mwingine, "Kumbe unajua kupanga hivi, ulikuwa unatuficha?" Nikacheka peke yangu kama mjinga. Nilikuwa nasifiwa kwa nguo za maiti, na nikafurahi.

Kesho yake nikatoa nyingine, na keshokutwa nyingine. Kila nilichotoa nilijaza pengo kwa mabaki ya lile belo baya, ili sanduku lisipungue uzito. Nilijiambia nguo zikikaa zinaliwa na mende. Nilijiambia marehemu mwenyewe angependa zivaliwe. Maneno hayaishi, ukitaka kujidanganya.

Gauni la kijani sikuliweka status. Niliapa hilo siliuzi. Ila nilikuwa nimelitundika ukutani, na kwenye picha moja likaonekana nyuma yangu. Mteja mmoja, mama wa makamo anayelipa bila kubishana, akapiga simu. "Hilo la kijani nyuma yako nalitaka."

"Hilo siyo la kuuza, mama."

"Dada, nina sherehe Jumamosi. Usinifanyie hivyo mimi mteja wako."

Akapiga tena, na tena. Mara ya tatu nikasema sawa. Nikajiambia nitamshonea Tatu lingine lile lile, mtoto hatajua. Nikaenda kununua kabisa kitambaa cha kijani. Mpaka leo kipo kabatini, hakijakatwa.

Wiki moja baadaye nikaenda sokoni na Tatu, saa nne asubuhi, tununue vitunguu na mafuta ya alizeti. Alikuwa amebeba kikapu. Ninapunguziwa bei ya vitunguu, nageuka, mtoto hayupo.

Nikamwona mbele. Alikuwa anakimbia katikati ya watu bila kupiga kelele, na mbele yake linakwenda gauni la kijani. Akamfikia yule mama kwa nyuma, akaingiza mkono mfukoni.

"Mwizi! Haka katoto kananiibia!"

Akamkamata kifundo cha mkono. Watu wakajaa. "Kadogo hivi, kameshaanza!" Mwingine anasema apelekwe kituoni, mwingine anasema achapwe kwanza. Tatu hakulia. Alikuwa anamtazama yule mama usoni, anamtazama tu, kama anayesubiri ageuke awe mtu mwingine.

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Ningesema neno moja tu la kweli, kwamba mtoto siyo mwizi, kosa ni langu. Unajua nilifanya nini? Nilimpiga kofi. Mbele ya soko zima nilimpiga kofi yatima yule, nikasema, "Nisamehe mama, huyu mtoto hayuko sawa. Tangu mama yake afariki akili imeyumba."

Yule mama akanitambua. "Kumbe ni wa kwako, dada? Si wewe uliyeniuzia gauni hili?"

Tatu akanigeukia. Akasema kwa sauti iliyosikika vizuri tu, "Mama mkubwa, hili ni la mama."

"La mama yupi?" yule mteja akauliza. "Mama yake si umesema amefariki?" Halafu nikaona anavyoelewa. Akaachia mkono wa mtoto kama ameshika moto. "Yaani umenivika nguo ya marehemu! Mimi! Nimekwenda nayo mpaka kwenye sherehe!"

Nilimshika Tatu tukaondoka, vitunguu nikaviacha pale pale. Njiani nilimwomba msamaha, nikamnunulia soda, nikamwambia yale ambayo mtu mzima hapaswi kumwambia mtoto. "Tatu, tusimwambie bibi. Sawa, mwanangu?"

"Sawa."

Na hakusema. Mtoto wa miaka minane alitunza siri yangu siku tisa nzima, mimi niliyeshindwa kutunza sanduku!

Siku ya arobaini tukaenda Ikungi. Baada ya sala na chakula akina mama wakakaa kwenye mkeka, shangazi akafungua sanduku. Akatoa sweta. Akalitazama mbele na nyuma. "Hili mbona sijawahi kumwona nalo?"

"Alinunua karibuni, shangazi."

Likafuata sweta lingine. Kisha likatoka lile koti la manyoya, shangazi akaliinua juu kwa vidole viwili. "Na hili? Itigi, kwa joto lile?" Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mimi nilikuwa natazama mkeka.

Shangazi akamwita Tatu. "Njoo, mjukuu wangu. Wewe ndiye wa kwanza, chagua cha mama yako." Akamtandazia blauzi moja begani. Tatu akaitoa taratibu, akaikunja vizuri, akairudisha. Akapekua mpaka chini kabisa, akavuta khanga moja iliyochakaa ambayo mimi sikuiuza kwa sababu hakuna ambaye angeinunua.

"Hii ndiyo ya mama," akasema. "Hizi zingine ni za mama mkubwa."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ameulizwa, akajibu.

Mama yangu akaniuliza kwa Kinyaturu, mara moja tu, kama nimefungua sanduku. Kwa Kiswahili nilikuwa nimedanganya watu wangapi! Kwa lugha ile, na yeye ananitazama, nilishindwa. Nikasema ndiyo. Nikaeleza yote, mpaka lile kofi. Nilipofika kwenye kofi mama akafunika uso na upande wa khanga yake.

Hakunitukana, bora angenitukana. Alisema, "Mtoto atabaki hapa." Tatu akaenda kukaa karibu naye, na lile neno likawa limekwisha.

Nilirudi mjini na mume wangu. Kitanda kilikuwa kimefika siku mbili kabla, kimepakwa vanishi. Bado kipo. Mume wangu anaingia chumba kile kuchukua jembe au kamba, anatoka na kufunga mlango, na mimi siwezi kumwambia akiuze.

Nilikwenda kwa yule mteja kuliomba gauni. Nilipiga magoti getini kwake. Akaniambia ameshalichoma, na nisirudi tena. Habari ikazunguka Utemini yote. Wateja wengine wakaja na mifuko, wananitupia nguo kibarazani, hata zile zilizotoka kwenye belo halali. Nikipita naitwa muuza sanda. Wananionea? Hawanionei. Nastahili.

Ndugu zangu, dada zangu mnaouza na mnaovaa, nisikilizeni mimi niliyeharibikiwa. Pendeza kwa bei chee, hakuna ubaya, mdogo wangu alipendeza maisha yake yote kwa bei chee. Lakini ukikabidhiwa nguo za marehemu, ziache zilivyo! Usijiambie unaangalia unyevu. Usijiambie utashona nyingine ifanane. Na kama umeshakosea na mtoto anaadhibiwa kwa kosa lako, sema, sema hapo hapo, hata soko zima likuzomee. Mimi nilikwepa aibu ya dakika mbili, na nimeipata ya maisha.

Jumapili iliyopita nilikwenda Ikungi. Nilimpelekea Tatu gauni jipya la dukani, la njano, karatasi ya bei bado inaning'inia. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo mama mkubwa," akalipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza ndani nje, akaangalia kola, akaangalia mishono.

"Hili lilikuwa la nani?" akaniuliza.

"Ni lako, mwanangu. Jipya. Halijawahi kuwa la mtu."

Akasema asante. Kisha akaenda nalo jikoni, nikamsikia anamwuliza bibi yake kama ni kweli.