Nilichomoa mtandao wa watu wa bondeni ili nione mechi, Mama Koku akapanda mlima kuniangalia kama niko hai

Wakuu, habari za majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe huku Kituntu, Karagwe, na sijapunguza kitu, hata pale ninapoonekana fala.

Wanakijiji tuna Wi-Fi yetu. Tulichanga, tukafunga antena nyumba kwa nyumba. Kwangu ni kilimani, kwa hiyo signal ya bondeni lazima ipitie kwangu.

Kikao cha kwanza kila mtu alieleza kwa nini anajiunga. Wengi walitaka kujua bei ya kahawa. Mimi nikahutubia kuhusu "maendeleo ya jamii" hadi nikapigiwa makofi.

Ukweli? Nilitaka mpira wa bure.

Jumapili moja jioni, mechi imenoga, picha ikaanza kuganda. Nikajua bondeni wanatumia. Nikachomoa waya wa antena inayowapelekea.

Picha ikawa safi. Nikajiona engineer.

Baada ya nusu saa, hodi. Ni Mama Koku, jirani yangu wa bondeni. Anahema, ndala mkononi, tope hadi magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, uko mzima? Mtandao umekata ghafla, nikasema labda radi imekupiga."

Wakuu, alikuwa anaongea kwa video na mumewe aliyelazwa Mwanza. Kesho yake asubuhi mzee anaingia chumba cha upasuaji.

Nikadanganya eti waya umelegea. Nikachomeka. Akapiga palepale sebuleni kwangu.

Mzee akatokea, amekonda sana. Akauliza, "Huyo ndiye anayetutunzia mtandao? Mwambie ahsante."

Nikatoka nje kujifanya nakagua antena. Nililia, wakuu. Mwanaume mzima, na jezi mwilini.

Namshukuru Mungu upasuaji ulienda vizuri, mzee akarudi nyumbani. Kikao kilichofuata nikasimama, nikakiri mbele ya watu wote. Nilijua nafukuzwa.

Mama Koku akacheka hadi akashika mbavu.

"Nilijua siku ileile! Mtangazaji alikuwa anapiga kelele nyuma yako. Nikanyamaza kwa sababu nilikuhitaji uchomeke."

Adhabu yangu: malalamiko yote ya mtandao napokea mimi. Simu zinaanza alfajiri.

Nilichojifunza: niliingia kwa ajili ya tumbo langu, na sidhani niko peke yangu. Ila ukishaiona sura ya mtu anayekutegemea, mkono unakuwa mzito kuchomoa.

Haya, na wewe uliyejiunga na jambo la kijiji kwa sababu unayoionea aibu, jitokeze hapa chini. Msiniache nachekwa peke yangu.